Sinthesaiza za zamani Kigoma na Tabora: umeme, betri na kujitungia sauti

KinandaMwanga:

Wakuu, habari za jioni.

Mara kwa mara mtu anatupia picha humu: kinanda kirefu cheusi, vumbi tele, swichi bapa za kijani, na maneno "naambiwa laki nne, nichukue?" Majibu huwa mawili. Wa kwanza anasema hicho chuma chakavu. Wa pili anasema chukua haraka, Ulaya watu wanagombania. Yote mawili hayamsaidii mtu aliyeko Mwanga au Ujiji mwenye hela yake mkononi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa huku kwetu kinanda cha zamani kinachofaa ni kile unachoweza kukitungia sauti mwenyewe, na kikizima unakifufua kwa vipuri vinavyopatikana. Jina kubwa na bei ya mnadani ni mambo ya watu wanaonunua ili waweke kabatini.

Vinavyofika huku vingi ni mitumba ya Japani iliyopitia Dar, vichache huvuka ziwa na kushushwa Kibirizi, na vingine havijatoka mbali: viko stoo za makanisa tangu kwaya ilipopata kinanda kipya chenye midundo ya kujipiga. Nimeshaona Yamaha DX7 ya 1983 na wadogo zake DX27 na DX100, Roland D-50 ya 1987, Korg M1 ya 1988, na zile Casio za familia ya CZ. Vile vyenye midundo mia tayari na spika zake simo navyo leo. Nazungumzia sinthesaiza, mashine ambayo sauti unaweza kuijenga mwenyewe.

Jambo la kwanza ni umeme, na hapo ndipo nyingi zinapofia. Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100. Cha Marekani 120. Sisi ukutani tuna 230. Usiiangalie plagi, maana wauzaji hukata ya asili na kufunga ya pini tatu. Kigeuze, soma maandishi ya nyuma. Ukikuta 100V, usikichomeke hata "kidogo tu tuone kama kinawaka".

Na transfoma ya kushusha nayo isikulaze usingizi. Ile iliyoandikwa 110 haina akili, inagawa tu: ukiipa 230 inatoa 110, ukiipa 250 inatoa karibu 120. Mashine ya volti 100 hapo inakula asilimia 20 juu ya haki yake na ziada yote inageuka joto kwenye regyuleta, ile sehemu ya ndani inayotuliza volti. Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, tunajua umeme unavyoweza kupanda na kushuka. Tafuta transfoma yenye tapu (tundu la kutolea umeme) ya 100, au mpelekee fundi anayesuka mota akurekebishie mizunguko. Kwake ni kazi ndogo.

Vidogo vinavyotumia adapta navyo vina mtego wake. Casio nyingi za enzi hizo ni volti 9, hasi iko katikati ya jeki. Yamaha nyingi ni volti 12, chanya katikati. Adapta za sokoni zenye kile kiswichi cha kugeuza chanya na hasi zimeua vinanda vingi kuliko radi.

Jambo la pili ni betri. DX7, D-50 na M1 zote zina betri ya CR2032 ndani, ile bapa ya volti 3, inayolinda kumbukumbu kinanda kikizimwa. Ikiisha, unawasha unakuta majina ya sauti ni takataka, au kinapiga makelele ambayo hayaeleweki ni nota gani. Muuzaji anakuambia "kimeungua bodi, nipe laki moja". Wewe nyamaza, lipa.

Kuna kitu usikifanye: usiulehemu mwili wa betri yenyewe, inaweza kupasuka. Ng'oa ya zamani, funga kishikio, ili siku nyingine unabadilisha bila moto. Kabla ya kuing'oa, kama bado ina uhai, toa sauti zote kwa midi (waya na lugha ya kuunganisha vinanda na kompyuta) uzihifadhi. Benki nzima ya sauti 32 za DX7 ni baiti 4,104. Kwa mwendo wa midi, biti 31,250 kwa sekunde, inapita kwa sekunde moja na ushee. Picha moja ya WhatsApp ni kubwa kuliko kazi ya mtu ya mwaka mzima.

Nitarudi kwenye kutunga sauti. Wajuvi karibuni.

---

siti_ya_mbele:

Niko hapa na karanga zangu. Endelea mkuu.

---

MtuWaLaptop:

Mkuu heshima yako, ila hii mbona ni kujitesa? Kuna programu inaitwa Dexed, ya bure kabisa, inafanya kila kitu cha DX7. Laptop ya mtumba, kibodi ndogo ya USB, umemaliza. Hakuna transfoma, hakuna betri, hakuna kubeba kilo kumi na kitu kwenye bajaji.

---

KinandaMwanga:

@MtuWaLaptop Dexed naitumia na namshauri kila anayeanza aanze nayo. Inasoma faili zilezile za DX7, kwa hiyo sauti utakayoitunga leo kwenye laptop unaweza kuisukuma kwenye kinanda chenyewe kesho. Hapo hatugombani.

Tunapoachana ni kwenye ibada au harusi. Laptop inataka isasishwe saa ileile bibi harusi anaingia. DX7 unawasha, sekunde chache, iko tayari. Halafu ina skrini ya mistari miwili tu, hakuna meseji wala picha ya kukuvuta, unabaki wewe na sauti. Tena kimuziki usiidharau: ilikuwa na hisia ya nguvu ya kidole wakati vinanda vingi vilikuwa havijui kama umegusa au umepiga ngumi.

Kwa wasiojua ilikotoka: kanuni yake aliigundua John Chowning, mwanamuziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1967. Alikuwa anachezea mtikisiko wa sauti, akazidi kuuongeza kasi mpaka sikio likaacha kusikia mtikisiko na kuanza kusikia rangi mpya ya sauti. Yamaha wakachukua leseni, wakahangaika nayo miaka, mpaka DX7 ikatoka 1983. Mwaka huohuo midi nayo ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza, Prophet-600 ya Sequential Circuits ikiungwa na Jupiter-6 ya Roland kwa waya, kampuni mbili pinzani. Waya huohuo wa pini tano bado unafanya kazi leo.

---

MzeeWaKwihara:

Vijana hamjambo.

Mimi niko Tabora. Enzi zetu mji huu ulikuwa wa magitaa na matarumbeta: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids. Mpiga solo ndiye alikuwa bwana, kinanda hatukukihesabu. Vinanda nilivisikia vinatamba baadaye kabisa, taarabu ilipogeuka ya mipasho na vikundi kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) vikaanza kuwasha moto. Kwa hiyo nimechelewa, lakini nimeingia.

Sasa swali. Kuna mtu karibu na stesheni anauza Roland Juno-106. Anasema "inapiga vizuri, sauti moja tu wakati mwingine inakwaruza". Bei yake si ya kutisha. Niichukue?

---

KinandaMwanga:

Shikamoo mzee. Usilipe kwanza.

Juno-106 ya 1984 ina sauti sita, maana yake unaweza kushika nota sita kwa pamoja, na kila moja ina chipu yake ya filta (inayokata sauti za juu) na ukuzaji, inayoitwa 80017A. Chipu hizo zilifunikwa kwa gundi ngumu nyeusi, na kwa miaka mingi gundi hiyo huanza kupitisha umeme pasipotakiwa. Matokeo yake ndiyo hayo: nota moja kati ya sita inakwaruza, inanguruma, au inakataa kunyamaza. Ukiona moja imeanza, nyingine ziko njiani.

Namna ya kupima ukiwa kwa muuzaji: shikilia swichi ya KEY TRANSPOSE huku unawasha. Inaingia hali ya majaribio. Ukipiga nota mojamoja, skrini inaonyesha namba ya sauti iliyojibu. Zungusha zote sita, sikiliza kila moja kwa utulivu, filta ikiwa wazi, kisha ifunge taratibu. Andika zipi mbovu.

Baada ya hapo ndipo unapanga bei. Chipu za kisasa za kufanana nazo zinatengenezwa na kuuzwa mtandaoni, zinafanya kazi. Lakini mzee, hesabu sita, usihesabu moja.

---

FundiReli:

Hapo kuna njia ya bure. Unazing'oa hizo chipu, unaziloweka kwenye asetoni, gundi inalainika unaivua, chipu inafufuka. Kwa nini anunue mpya?

---

KinandaMwanga:

@FundiReli Njia hiyo ipo na inafanya kazi mara nyingi. Ila kwanza uzing'oe salama kwenye bodi ya karibu miaka arobaini, ambayo shaba yake inabanduka ukiichomea moto mrefu. Kisha uibandue gundi bila kuvunja vipande vidogo vya ndani ambavyo havina hata miguu. Kama una pampu nzuri ya kunyonya risasi ya kulehemia na mkono mtulivu, endelea. Mtu ambaye Juno ndiyo ya kwanza kuifungua maishani mwake simshauri.

---

FundiReli:

Nakubali la mkono. Silikubali la kununua mpya kila kitu. Kipuri kutoka nje kina nauli, kina kusubiri, kina siku ya kufika kimevunjika. Asetoni iko dukani. Mzee, ukija Kigoma nitafute, nitakuvulia bila kuvunja.

---

MzeeWaKwihara:

Marahaba. Nimerudi kwa muuzaji. Sauti ya pili na ya tano mbovu, nimemwonyesha namba zikitokea kwenye kioo, akanyamaza. Tumeshuka bei kwa zaidi ya nusu. @FundiReli nakuja na treni, andaa hiyo asetoni, lakini nitakaa pembeni yako nikiangalia.

---

BintiGungu:

Kaka @KinandaMwanga uliahidi kurudi kwenye kutunga sauti, naona mafundi wamekuteka. Ngoja niingie mimi, maana kwangu kinanda kibovu au kizima kinafuata baadaye. Watu wa kwaya wananishangaza: mtu ana DX7 na anapiga sauti zilezile za kiwandani miaka yote.

Ukiiambia DX7 "VOICE INIT" inafuta kila kitu na kukuachia mluzi mtupu. Wengi wanakata tamaa hapo. Mimi ndipo ninapopapenda.

Ndani kuna opereta sita, na kila mmoja ni mluzi. Algoriti, ziko 32, zinaamua nani anamsukuma nani. Chagua namba 5, ni rahisi kuielewa: jozi tatu. Opereta 2 anamsukuma 1, 4 anamsukuma 3, 6 anamsukuma 5. Yule wa chini ndiye unayemsikia. Wa juu humsikii mwenyewe, unasikia anachomfanyia mwenzake.

Anza na 1 na 2, wengine wazime. Opereta 1 mpe uwiano 1.00, yaani kasi yake ni mara moja ya nota, na kiwango cha sauti 99. Opereta 2 naye mpe 1.00, kisha pandisha sauti yake kutoka sifuri polepole huku umeshika nota. Mluzi unaanza kuota meno, unaelekea kwenye tarumbeta. Rudi sifuri. Sasa opereta 2 mpe 14.00 na umpandishe kidogo tu. Unasikia kama chuma chembamba kimegongwa juu ya nota? Hiyo ndiyo siri ya E.PIANO 1, ile piano ya nyimbo za mapenzi za miaka ya 80 ambayo hata ambaye hajazaliwa enzi hizo anaijua. Mpe 3.50, unapata kengele, kwa sababu namba isiyo kamili inazaa sauti za juu zisizopatana na nota ya chini.

Mimi nilitaka malimba. Sio ile ya kiwandani, nilitaka yenye mkwaruzo, kama ilimba ya Wagogo. Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja hauimbi kama waya wa gitaa. Waya una sauti za juu mara mbili, mara tatu, mara nne. Ulimi, sauti yake ya pili iko mara sita na robo hivi. DX7 yenyewe inajumlisha na kutoa: 1 ukimsukuma na 5.25 unazaa 6.25 juu na 4.25 chini. Basi opereta 2 nikampa 5.25, na ulimi ukatokea palepale.

Kilichobaki ni muda. Opereta 2 afe haraka sana, opereta 1 afifie taratibu. Hicho ndicho kinachofanya sikio liamini kwamba kuna kitu kimedonolewa kwa kidole gumba. Kila opereta ana kasi nne na viwango vinne vya kupanga hilo, 0 mpaka 99, na 99 ni kasi kuliko zote. Halafu hisia ya kidole, inaanzia 0 hadi 7: iweke kwa opereta 2, mimi nimempa 5. Ukigusa polepole malimba ni laini, ukidonoa kwa nguvu chuma kinatoka.

Mkwaruzo umetoka kwenye jozi ya mwisho. Katika algoriti 5 opereta 6 anaweza kujisukuma mwenyewe, yaani fidibaki. Ukiipandisha hadi 7 mluzi wake unakuwa mkali, wenye mkwaruzo. Nikaifanya fupi sana na ya chini, ikakaa nyuma ya nota kama vile vibati vinavyotikisika. Jozi ya katikati nimeinakili ya kwanza na kuitoa nje ya tyuni kidogo, sauti ikawa pana.

Mwalimu wa kwaya aliuliza nimeipakua wapi.

---

siti_ya_mbele:

Dada nimeacha karanga. Hiyo sauti tunaipataje?

---

BintiGungu:

Nitaituma kama faili kwa anayetaka. Ila kabla ya kuipokea zima ulinzi wa kumbukumbu, kuna swichi ya MEMORY PROTECT, na kwenye upande wa midi washa SYS INFO. Usipofanya hivyo kinanda kinakaa kimya, na wewe utasema faili yangu mbovu. Na uhifadhi za kwako kwanza, maana benki inafuta zote 32 kwa mkupuo.

---

MtuWaLaptop:

Nimejaribu maelezo ya dada kwenye Dexed. 5.25 imenishika. Sawa, nakubali kwamba kanuni ni nzuri. Transfoma bado sikubali.

Swali la pembeni: taarabu inataka zile nota za katikati, kati ya kitufe na kitufe. Inawezekana?

---

BintiGungu:

DX7 ya kwanza hapana. Familia ya DX7II iliyofuata ina mpangilio wa kutyuni kila nota peke yake, hiyo inakwenda. Kwenye Dexed unaweza kupakia faili la tyuni pia, kwa hiyo hapo laptop yako imeshinda.

---

FundiReli:

Niongezee la usafi kabla uzi haujazama. Vinanda vinavyoletwa kwangu, kitufe hakilii au kinalia kwa nguvu moja tu, mtu anadhani bodi imekufa. Fungua. Kwa vinanda vingi, chini ya vitufe kuna raba zenye doa jeusi la kaboni, kama za rimoti ya TV. Vumbi la ziwani na mavi ya mende ndiyo ugonjwa. Mende wanapenda humo kwa sababu ya joto la transfoma, na panya wanapenda nyaya bapa.

Osha kwa spiriti ya hospitali isiyo na rangi, kitambaa laini, taratibu. Sitaki kusikia petroli. Sitaki kusikia tina ya kuchanganyia rangi. Tina inayeyusha plastiki na inafuta ile kaboni. Nimeletewa kinanda ambacho fundi mmoja alikiosha kwa tina, vitufe vimeshikana, hakuna cha kuokoa zaidi ya transfoma.

Na mvumo ule wa "mmmm" kwenye spika, kabla ya kulaumu midi wala mikseri, badilisha kapasita kubwa za umeme (vile vipipa) kwenye pawasaplai, sehemu inayolisha kinanda umeme. Zinakauka. Angalia volti na mikrofaradi, volti inaweza kuzidi, isipungue. Na chanya na hasi usizigeuze.

---

MwanaKasulu:

Wakuu nimechelewa kuuona uzi. Kwenye stoo ya kanisa letu kuna Korg Polysix, imeandikwa hivyo kabisa mgongoni. Inawaka taa, swichi za sauti zinajichagua zenyewe, saa nyingine hakuna sauti kabisa. Mchungaji anasema tukiweza kuitengeneza tuichukue. Nianzie wapi?

---

KinandaMwanga:

@MwanaKasulu Chomoa kwanza, usiiwashe tena.

Polysix ni ya 1981 na betri yake si ile bapa. Ni ya kuchaji, ya nikeli na kadimiamu, imelehemiwa juu ya bodi ya kompyuta yake iitwayo KLM-367. Hizo betri zikizeeka zinavuja, na maji yake yanakula njia za shaba chini yake. Dalili ulizotaja zinaendana na hilo.

Fungua, tafuta bodi yenye pipa dogo la betri, utaona kijani au unga mweupe umezunguka. Kata betri uitoe leo, hata kama hujui lini utaendelea, maana kila siku inayokaa inakula zaidi. Kilichovuja ni alkali, kwa hiyo kipake siki kidogo kwa mswaki mpaka kiache kutoa mapovu, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya betri ya gari yanafaa, malizia na spiriti, anika siku nzima mbali na jua kali.

Kisha chukua mita, pima njia mojamoja kutoka mguu wa chipu hadi mguu wa chipu. Iliyokatika unairuka kwa waya mwembamba. Ni kazi ya subira lakini haitaki kipuri cha mbali.

Tupia picha za bodi pande zote mbili hapa, mwanga wa mchana, kabla hujagusa chochote. Nyaya zinazoingia kwenye bodi zipigie picha pia, na uziwekee alama kwa kalamu kwenye plasta. Nitachora njia zilizoliwa juu ya picha yako ujue za kuanza nazo.

---

MwanaKasulu:

Sawa mkuu. Naenda na bisibisi kesho baada ya ibada. Siki ya dukani ile nyeupe au hata ya kahawia?

---

FundiReli:

Nyeupe. Ya kahawia ina rangi, itakuchanganya usijue kutu imeisha au bado.